Waliopigwa Picha Tangu Darasa la Kwanza

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 13 Agosti 1961, askari wa Ujerumani Mashariki walianza kutandaza seng'enge katikati ya jiji la Berlin, na siku chache baadaye matofali yakafuata. Mwezi huo haujaisha, kikundi kidogo cha watengeneza filamu kikafunga safari kuelekea mashariki, karibu na mpaka wa Poland, kikashusha kamera yake kwenye shule ya chekechea ya kijiji cha Golzow. Watoto walikuwa wakicheza mchangani. Punde wangeingia darasa la kwanza, kila mmoja amekumbatia ule mfuko mrefu wenye ncha, uliojaa peremende, ambao mtoto wa Kijerumani hupewa siku ya kwanza ya shule. Si wao wala hao wenye kamera waliojua kwamba kazi iliyoanza siku hizo ingefika mwaka 2007.

Mwongozaji alikuwa Winfried Junge, kijana wa miaka 26. Wazo lenyewe lilitoka kwa mkubwa wake kazini, Karl Gass: tuchukue darasa moja la watoto, tulifuate likikua, tuonyeshe kizazi cha kwanza kitakacholelewa chote ndani ya ujamaa. Golzow ilifaa kwa hilo. Iko katika bonde la mto Oder, ardhi tambarare iliyokaushwa kwa mifereji katika karne ya 18 na kugeuzwa mashamba. Katika majira ya kuchipua ya 1945 jeshi la Kisovieti lilipita hapo likielekea Berlin, na vita vikali vya mwinuko wa Seelow viliviacha vijiji vya bonde hilo magofu. Mwaka mmoja kabla ya kamera kufika, serikali ilikuwa imekamilisha kampeni ya kuwaingiza wakulima wote katika mashamba ya ushirika, wapende wasipende. Kila kitu kilikuwa kipya au kilidaiwa kuwa kipya. Waingereza, kupitia televisheni ya Granada, walianza mfululizo wao mashuhuri wa watoto wa miaka saba mwaka 1964. Golzow iliwatangulia kwa miaka mitatu, ingawa hadi leo wengi hutaja ule wa Waingereza kwanza.

Filamu ya mwanzo haikufika hata robo saa. Ikafuata nyingine baada ya mwaka mmoja, nyingine watoto walipofika miaka 11, nyingine walipofika 14, na nyingine mwaka 1971 walipofanya mtihani wa kumaliza darasa la kumi. Zilitengenezwa na DEFA, shirika la filamu la serikali lililoanzishwa Mei 1946, ambalo studio zake zilikuwa na waongozaji, wapiga picha na wahariri walioajiriwa na kulipwa mshahara. Hapa pana jambo ambalo watu husahau wanapozungumzia sanaa chini ya ukomunisti. Mshahara ule ulikuja na mkaguzi wa kusoma kila andiko, lakini ulikuja pia na muda. Hakuna mfanyabiashara wa filamu ambaye angekubali kulipia darasa la watoto wa kijijini kwa miaka kumi kabla halijawa na hadithi yoyote ya kusimulia. Serikali iliyotaka sifa zake zirekodiwe ililipa, na ikapata kitu ambacho haikukiagiza.

Sitaki kumsifu Junge kupita kiasi. Sauti yake nyuma ya kamera ni ya mwalimu mkuu mpole: huuliza swali refu ambalo ndani yake limebeba jibu, na msichana wa miaka 16 hubaki na kazi ya kusema "ndiyo" au kutazama viatu vyake. Mtazamaji huona aibu kwa niaba ya wote wawili. Lakini kwa kuwa aliendelea kurudi, na kwa kuwa hakutupa vile vipande ambavyo watu walimkwepa, ukimya huo umekuwa ushahidi. Mtu anayeulizwa kama anafurahia kazi yake mbele ya kamera ya serikali, akanyamaza kwa sekunde tano kisha akasema kazi ni nzuri, amesema mambo mawili.

Watoto wakawa watu wazima. Mmoja akawa fundi rangi, mwingine mkamuaji wa ng'ombe katika ushirika, wengine wakaenda viwandani. Wakaoa, wakaolewa, wengine wakaachana. Mwanamke mmoja, aliyekuwa na ugonjwa wa moyo, alifariki kabla ya kutimiza miaka 30. Mwaka 1981 Junge alikusanya yote katika filamu ya zaidi ya saa nne, Lebensläufe, yaani mapito ya maisha, yenye watu tisa mmoja baada ya mwingine. Mwaka uliofuata ilionyeshwa katika tamasha la Berlin Magharibi. Wazia ukumbi huo: watazamaji wa upande wa pili wa Ukuta wakiwaangalia, kwa saa nne, majirani ambao wengi wao hawakuwa na namna ya kuwatembelea kwa urahisi, wakiosha vyombo, wakilea watoto, wakilalamikia mguu unaouma. Ukuta wenyewe, uliojengwa mwezi ule ule kamera ilipofika Golzow, katika filamu hizo zilizotengenezwa kabla ya 1989 karibu haupo.

Wakati huo huo, kaskazini magharibi mwa Berlin, mwongozaji mwingine wa DEFA alikuwa akifanya kazi ya namna hiyo kwa mkono mwepesi zaidi, na mimi, nikilazimishwa kuchagua, nitamchagua yeye. Volker Koepp alifika Wittstock mwaka 1974. Ni mji mdogo wa kale wenye ukuta wa matofali kuuzunguka, na wakati huo serikali ilikuwa imeujengea kiwanda kikubwa cha nguo za kufuma, kilichohitaji maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wasichana waliotoka tu shuleni. Koepp aliwachagua wachache kati yao. Filamu ya kwanza ilitoka 1975, ya pili 1976, ya tatu 1978, kisha 1981 na 1984, nyingi zikiwa za rangi nyeusi na nyeupe, za kutazama nyuso kwa utulivu.

Koepp aliuliza maswali mafupi akasubiri. Wasichana wakasema. Walisema kwamba mipango ya kazi haieleweki, kwamba vifaa havifiki kwa wakati, kwamba mkubwa fulani hasikilizi. Walisema vilevile kwamba wanajivunia kujua mashine zao, kwamba kwenye mji huu hakuna pa kwenda jioni, kwamba wangependa mume asiye mlevi. Mmoja wao alikuwa na ulimi usiomwogopa mtu. Baada ya miaka kadhaa tunamkuta amepandishwa cheo, anasimamia wenzake, na bado anabishana. Anayetaka kujua ujamaa wa Ujerumani Mashariki ulikuwaje saa nne asubuhi, siku ya Jumanne ya kawaida, na aanzie Wittstock. Hakuna aliyelia kwa furaha wala kwa mateso. Watu walikuwa kazini.

Si kila kamera ya serikali ilikusudiwa kuonwa. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi 1986, Hifadhi ya Filamu ya taifa ilikuwa na kitengo kilichoitwa Staatliche Filmdokumentation, ambacho kilitengeneza filamu zipatazo 300 na kuzifungia stoo. Hoja yake ilikuwa ya ajabu na, kwa namna yake, ya kweli. Siku moja ujamaa utakuwa umeshinda kabisa, watu wa siku hizo watataka kujua wazee wao walipambana na shida gani, na sinema za kawaida hazitawaambia kwa sababu haziruhusiwi. Basi shida zipigwe picha sasa, zifungwe, ziwasubiri wajukuu.

Thomas Heise, ambaye hakupendwa na wakubwa wa filamu na ambaye hakumaliza chuo chao, alipata nafasi katika kitengo hicho. Mwaka 1984 aliweka kamera ndani ya ofisi za wilaya ya katikati ya Berlin, kwenye jengo lililopo Alexanderplatz. Filamu inaitwa Das Haus, nyumba. Watu wanafika mmoja mmoja kwenye meza ya ofisa, na wengi wanataka jambo moja: mahali pa kuishi. Ofisa anasikiliza, anafungua faili, anaeleza kwamba hakuna. Wanaondoka, anaingia mwingine. Mwaka uliofuata Heise alifanya vivyo hivyo kwenye kituo cha polisi. Msomaji wa Unguja aliyepanda ngazi za maghorofa ya Kikwajuni au Michenzani, yaliyoanza katika miaka ya 1960 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki mara baada ya Mapinduzi, atakuwa na sababu ya pekee ya kuitazama filamu hii. Dola iliyotuma wahandisi wake ng'ambo kuwajengea marafiki nyumba za zege, miaka 20 baadaye ilikuwa bado inawaambia raia wake, ndani ya jiji kuu, wasubiri. Ilijua hivyo, na ilipiga picha yake. Wajukuu waliokusudiwa hawakuzaliwa. Filamu zile zilianza kuonwa na umma baada ya nchi yenyewe kufa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kufuli zilianza kulegea. Novemba 1988, katika tamasha la filamu za hali halisi la Leipzig, Helke Misselwitz alionyesha Winter adé, safari ya treni kutoka kusini mwa nchi hadi pwani ya Baltiki, akizungumza na wanawake njiani: mfanyakazi wa kiwanda cha makaa anayelea peke yake, wasichana waliotoroka nyumbani, bibi aliyeadhimisha miaka mingi ya ndoa isiyo na raha. Ukumbi ulisikia sauti za wanawake wakisema hadharani yale yaliyosemwa jikoni. Filamu ilipewa tuzo ya Njiwa wa Fedha. Kichwa chake ni salamu ya kuuaga msimu wa baridi, na mwaka mmoja baadaye kilisomeka kama utabiri, ingawa sidhani kama mtu yeyote ukumbini alikuwa anatabiri.

Ukafika mwaka 1989. Jumatatu ya tarehe 9 Oktoba, watu wapatao 70,000 waliandamana Leipzig huku hospitali zikiwa zimejiandaa na askari wakiwa mitaani. Waandishi wa nje walikuwa wamezuiwa. Picha ambazo dunia iliziona zilipigwa kwa siri na vijana wawili wa Berlin, Siegbert Schefke na Aram Radomski, kutoka juu ya mnara wa kanisa. Kaseti ikavushwa hadi Berlin Magharibi na mwandishi wa gazeti la Magharibi, na kesho yake televisheni ya Ujerumani Magharibi ikazirusha ikidai zimetoka kwa kundi la Waitaliano, ili waliopiga wasikamatwe. Raia wa Mashariki, ambao wengi walinasa stesheni za Magharibi kwa antena zao, wakajiona wenyewe kwenye luninga, na wakaona kwamba hawajapigwa risasi.

Wiki iliyofuata kikundi cha DEFA nacho kilifika Leipzig, safari hii mchana kweupe, na kamera kubwa za sinema. Andreas Voigt na Gerd Kroske waliwahoji waandamanaji, lakini pia wafagiaji wa barabara waliokusanya mabango usiku, na vijana walioitwa kwenye mafunzo ya askari wakapangwa kuwakabili watu ambao huenda miongoni mwao walikuwemo mama zao. Leipzig im Herbst ilionyeshwa kwenye tamasha la mji huo huo mwezi uliofuata, wakati maandamano bado yanaendelea nje. Ni filamu ya haraka, yenye pumzi fupi, na ndiyo maana ina thamani: hakuna ndani yake anayejua mwisho. Ukilinganisha na maelfu ya saa za televisheni kuhusu usiku wa Novemba 9 Ukuta ulipofunguliwa, watu wakiwa juu yake na chupa mikononi, unaona tofauti. Kamera za usiku ule zilifika kwa sababu habari ilikuwa imekwisha kutokea.

Jürgen Böttcher, mchoraji na mmoja wa wakongwe wa DEFA, alitumia miezi ya mwisho wa 1989 na mwaka 1990 akipiga picha Ukuta ukibomolewa. Die Mauer haina msimulizi. Kuna sauti za nyundo, watoto wanaouza vipande vya zege kwa watalii, vituo vya treni za chini ya ardhi vilivyofungwa tangu 1961 vikifunguliwa vumbi likiwa bado juu ya mabenchi. Katika sehemu fulani Böttcher anarusha filamu za zamani za historia ya Ujerumani juu ya Ukuta wenyewe, kama pazia la sinema, nyufa na michoro vikionekana chini ya sura za watu waliokufa. Ilikuwa miongoni mwa kazi za mwisho kubwa za studio yake.

Kwani DEFA nayo ilikuwa inaondoka. Tarehe 1 Julai 1990 fedha ya Magharibi ilianza kutumika Mashariki, na bidhaa za viwanda vya Mashariki zikapoteza wanunuzi karibu kwa usiku mmoja. Shirika la Treuhand lilikabidhiwa mashirika ya umma zaidi ya 8,000, yenye wafanyakazi takriban milioni 4, ili liyauze au liyafunge, na likamaliza kazi yake mwishoni mwa 1994. Studio ya filamu za hali halisi ilikuwa shirika la umma kama mengine. Wafanyakazi wake walipunguzwa, Junge akiwemo. Kwa hiyo watu walioshika kamera na watu waliopigwa picha walipoteza ajira pamoja, na sijui mahali pengine katika historia ya filamu ambapo hilo limetokea kwa ukamilifu namna hii.

Koepp alirudi Wittstock. Filamu ya 1992 inaonyesha kiwanda kikifa idara moja baada ya nyingine, na wale wasichana, sasa wanawake wenye watoto wakubwa, wakijaza fomu, wakihudhuria mafunzo ya kazi ambazo hazipo mjini, au wakifunga mizigo kwenda Magharibi. Ya mwisho, Wittstock, Wittstock, ilitoka 1997. Yule mwenye ulimi mkali bado ni mkali. Hawautamani utawala wa zamani, na wanasema hivyo. Ila mtu aliyezoea kuuliza kwa nini uzi haujafika, akiwa na haki ya kukasirika kwa sababu kiwanda ni cha umma, sasa hana wa kumuuliza.

Golzow ilikuwa ngumu zaidi. Barbara Junge, mke wa Winfried, aliyekuwa mhariri wa filamu hizo, sasa alisaini kama mwongozaji mwenza, na kwa kuomba fedha huku na huku, hasa kwenye televisheni za mikoa, waliendelea. Mwaka 1993 walitoa Drehbuch: Die Zeiten, zaidi ya saa nne na nusu, ambayo ndani yake wanaonyesha pia vile vilivyokatwa na jinsi kila kitu kilivyopangwa: nani aliomba kipande kiondolewe, swali gani lilirudiwa, lini kijiji kilisafishwa kwa ajili ya kamera. Ni kazi ndefu, mara nyingine inachosha, lakini waongozaji wachache wamefungua daftari zao kwa kiasi hicho. Mkaguzi alikuwa ameondoka, na hapakuwa na wa kumsingizia.

Ndipo likaja tatizo ambalo hawakulitarajia. Zamani watu wa Golzow walinyamaza kwa sababu ya serikali. Sasa wengi walinyamaza kwa sababu zao wenyewe. Kukosa kazi katika nchi ambayo mtu asiye na kazi hakuwapo rasmi kwa miaka 40 kulikuwa fedheha, na nani anataka fedheha yake ionyeshwe saa mbili usiku kwa taifa zima, huku majirani wapya wa Magharibi wakitikisa vichwa? Baadhi walijitoa. Waliobaki walipata kila mmoja filamu yake, na vichwa vya filamu hizo vinatoa harufu ya mabishano: moja ya 1996 inauliza maisha yangu yanawahusu nini, na ya 1997 inajibu, kwa sauti ya mtu mwingine, haya basi, yachukueni. Huyo wa pili alikuwa ameolewa na ofisa wa jeshi la Ujerumani Mashariki. Jeshi hilo lilivunjwa mkesha wa kuungana kwa nchi mbili, Oktoba 1990, na mumewe akavaa sare za jeshi alilofundishwa miaka yote kwamba ni la adui. Wawili hao wanalieleza jambo hilo sebuleni kwa utaratibu, bila kupandisha sauti.

Nchi nyingine za kambi ile zilikuwa na kamera zao. Mwongozaji Helena Třeštíková alianza mwaka 1980 kuwafuata maharusi kadhaa wa Praha, akaendelea nao hadi baada ya ukomunisti kuanguka. Romania haikuwa na mtu aliyeruhusiwa uvumilivu wa namna hiyo, kwa hiyo Harun Farocki na Andrei Ujică walilazimika kukusanya vipande vya televisheni na vya kamera za watu binafsi vya Desemba 1989, wakatengeneza Videogramme einer Revolution ya 1992. Ndani yake kuna hotuba ya mwisho ya Ceaușescu, mtawala wa nchi hiyo, barazani, kelele zinapoanza kwenye umati, na kamera ya serikali inapogeuka kutazama anga. Ni filamu yenye akili kuliko zote nilizozitaja. Lakini hutamjua Mromania mmoja ukimaliza kuitazama.

Filamu ya mwisho ya Golzow ilikamilika 2007. Kwa jumla ni filamu zipatazo 20 kuhusu watu 18, zaidi ya saa 40 zote zikiwekwa pamoja. Kijiji chenyewe kilikuwa kinapungua watu, vijana wakifuata kazi mahali pengine, na mwaka 2015 shule ilikosa watoto wa kutosha kufungua darasa la kwanza. Mwenyekiti wa kijiji akawaalika wakimbizi wa Syria waje kukaa katika nyumba zilizokuwa tupu; familia zikaja, darasa likafunguliwa. Miaka miwili baadaye mwongozaji Simone Catharina Gaul akatoa filamu kuhusu watoto hao, Die neuen Kinder von Golzow, yaani watoto wapya wa Golzow.